Hina ya Kutoka Eda

Mimi sikuwa mtu wa ndoto. Mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa. Kila akiamka ana ndoto ya kusimulia, na sisi watoto tumekaa na njaa mpaka aimalize. Nikaapa kwamba nikiwa na nyumba yangu, ndoto zitabaki kitandani na watu watakunywa chai. Kwa hiyo asinione mtu leo akadhani nilizaliwa na mambo haya. Nilichokijua juu ya ndoto nilijifunza mwenyewe, ndani ya eda, na sikujifunza kwa kupenda.

Mume wangu alikuwa Himid. Tulikaa Malindi, hapa mjini Unguja, mimi na yeye na mama yake, Bi Hamda. Himid alikuwa mpimaji wa karafuu, na kila msimu tajiri wake alimpeleka Pemba na mizani yake, akarudi baada ya mavuno kanzu zikinukia karafuu hata zikifuliwa. Mwaka ninaousema ulikuwa miaka miwili kabla ya uchaguzi ule wa kwanza, watu walipokuwa bado wanasalimiana bila kuulizana chama. Meli ikaondoka siku moja kabla ya siku iliyopangwa. Mimi nilikuwa Jambiani, dada yangu Mwanakheir kajifungua. Niliporudi nikakuta kanzu ya Himid bado iko kwenye kamba ya nguo, na mwenyewe keshaondoka.

Hatukuagana. Kwetu mtu hasafiri bila kuombana radhi na mkewe: nikikukosea nisamehe, nami nimekusamehe, nenda salama. Ni maneno mafupi, mtu anaweza kuyasema huku anavaa viatu. Sisi hatukuyasema. Sikujali sana wakati ule, nikajiambia tutayasema akirudi. Homa ikamkamata Wete, akafa, akazikwa huko huko siku ile ile, na habari zilipofika Malindi yeye yuko kaburini. Sikumuona. Hata sanda yake sikuiona.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani, havai nguo ya rangi, hatii wanja, hajifukizi udi, hapaki hina. Mimi niliyekuwa sikosi hina mkononi nikabaki na vidole vitupu, navitazama kama vya mtu mwingine.

Sasa nieleze mlango wetu, maana bila mlango hamtaelewa. Tulikaa juu, na mlango wa njiani uko chini. Juu ya ngazi, ukutani, ilining'inia kamba ya usumba wa makumbi ya nazi iliyoteremka mpaka kwenye komeo. Mtu akipiga hodi unauliza nani, ukimjua unavuta kamba, komeo linanyanyuka, anapanda mwenyewe. Hapakuwa na haja ya kushuka ngazi kwa kila muuza samaki. Himid alikuwa na mzaha wake. Nyumba ni yake, lakini kila akirudi kazini alisimama chini akaita, "Hodi mwenye nyumba! Mgeni wenu!" Nami namjibu, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Lako liko nyuma ya mlango!" Ndipo navuta kamba. Miaka yote ya ndoa yetu hatukuchoka. Bi Hamda alichoka. Alisema tuna akili za kitoto, na pengine ndiyo maana Mungu hakutupa watoto, maana wangelelewa na nani.

Nilikuwa katika mwezi wa pili wa eda nilipoisikia hodi ile. Ilikuwa baada ya adhuhuri, wakati mji mzima umelala. Nikainuka, nikaenda juu ya ngazi, nikaishika kamba. Hapo nikaona vidole vyangu vina hina, hina iliyokolea, nyeusi kwenye ncha na maua viganjani, kama siku niliyoolewa. Nikashangaa. Hina nimeitoa wapi na mimi nimo edani? Jibu likaja lenyewe: nimelala. Furaha ikanipanda, na furaha hiyo ikaniamsha. Nikajikuta kitandani, mikono mitupu, na chini hakuna mtu.

Nililia mpaka alasiri. Kisha nikaacha kulia nikaanza kufikiri, kwa sababu mimi nikichokozwa hufikiri. Himid alikuwa mlangoni. Kama ningemfungulia, angepanda. Kama angepanda, tungeombana radhi, na mimi ningeweza kuishi. Kilichotakiwa ni mimi kujua kwamba naota, na nikishajua nisiamke. Alama nilikuwa nayo: kwenye ndoto nina hina, nikiwa macho sina.

Mtu huota alichoshinda nacho. Nikaanza kushinda na mikono yangu. Nikitawadha, naitazama. Nikishika sindano kushona kofia, naitazama. Nikimenya ndizi, naitazama, na moyoni najiuliza, "Kazija, umelala au uko macho?" Vidole vitupu, basi niko macho, naendelea na kazi. Bi Hamda aliniona, akavumilia, mwisho akashindwa.

"Mwanangu, una nini na hiyo mikono?"

"Nnaitazama tu, Mama."

"Mikono haikimbii. Tazama chungu, kinaungua."

Mazoea yakaingia mpaka usingizini. Nikawa nikiota, hata ndoto ya upuuzi, naitazama mikono, naiona hina, najua. Lakini kujua ni jambo dogo, kukaa ndiyo kazi. Ndoto ukishaijua ni kama bakuli lililojaa maji: ukiharakisha yanamwagika. Nikajifunza kutofurahi. Nikisikia hodi ya Himid, naishika kamba kwanza, napitisha kidole gumba juu ya usumba wake polepole, nausikia unavyochoma, nanyamaza mpaka moyo utulie. Mimi ambaye siwezi kusubiri hata wali uive nilijifunza subira nikiwa nimelala.

Na nyumba ya ndotoni ilisikia amri. Nikitaka dirisha lifunguke, linafunguka. Jirani yetu Sheha alikuwa na jogoo anayewika ovyo wakati watu wamepumzika. Nilimnyooshea kidole akanyamaza, na kama niliwahi kucheka katika eda ile nilicheka siku hiyo. Mara moja niliichukua nyumba nzima nikaiweka Mtoni, pwani karibu na magofu ya kasri, nikapigwa na upepo ambao sikuwa nimeupata tangu nifungiwe. Kila kitu kilinitii isipokuwa Himid. Nilimwita, hakuja. Niliuamrisha mlango umlete, ukaniletea mtu aliyevaa kanzu yake, usoni hana kitu, nikamfukuza. Himid mwenyewe alikuja alipotaka, kwa hodi yake, na kazi yangu ilikuwa kumtambua na kumfungulia. Hilo nililielewa mapema, na nilipaswa kulikumbuka.

Mara ya kwanza nilipovuta kamba nikafanikiwa, alifika katikati ya ngazi nikaamka. Mara nyingine nilimsikia anahema nyuma ya mlango wa chumba, nikaamka. Kisha siku moja akaja akapanda ngazi zote. Akaingia, nyusi zimejaa vumbi la karafuu, akaketi juu ya mkeka, akavua kofia akaiweka gotini kama alivyozoea. Nikammiminia kahawa. Mkono wangu wenye hina haukutetemeka, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo, maana nilimtazama nikashiba. Nikafungua kinywa.

"Himid, hatukuagana..."

"Kazija!" aliita Bi Hamda kutoka chumba cha pili.

"Naam!" nikaitika.

Mkubwa akikuita unaitika, hivyo ndivyo tulivyolelewa, uwe jikoni, uwe ndotoni. Ile naam yangu ndiyo iliyoniamsha. Nilitoka chumbani kama niliyemwagiwa maji ya moto, nikamfokea mama mkwe wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata kwa jicho.

"Nlikuwa naye, Mama! Kakaa hapa, kikombe mkononi! Ungengoja kidogo tu, ungengoja!"

"Nani?"

"Himid!"

Nilitegemea aniambie nimerukwa na akili. Yeye alikaa kwenye kizingiti taratibu.

"Kwangu haji," alisema. "Nnalala na udhu, nnamsomea, nnamuombea. Haji hata kwa mgongo."

Nikakaa karibu yake. Hasira zote zilikuwa zimeniisha.

"Siku ile aliyosafiri, wewe uko Jambiani," akasema, "alikuja mlangoni kwangu. 'Mama, nnakwenda, nipe radhi.' Nlikuwa nshamkataza asende. Nlimwambia mwaka huu homa nyingi huko. Basi nikajifungia, sikumjibu. Nlitaka aone kwamba nimekasirika. Kaita tena, nikanyamaza. Nikasema moyoni, akirudi n'tampa."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Ukimuona tena, mwambie radhi zangu anazo. Mwambie anazo tangu yumo tumboni. Usisahau, mwanangu."

"Sisahau, Mama."

Kwa hiyo nikawa na radhi mbili za kuzungumza, yangu na yake, na yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Mke akikosa kuagana na mume ni huzuni. Mama akimnyima mwanawe radhi, na mwana akafa safarini, sijui jina lake. Nilimwona Bi Hamda akipungua mwili mbele ya macho yangu miezi ile, na mimi nilidhani ni msiba tu.

Tangu siku hiyo akawa mlinzi wa usingizi wangu. Nikilala mchana, anashuka na kipepeo chake cha ukili cha kujipepea, anakaa ngazi ya chini kabisa nyuma ya mlango. Muuza kahawa akipita anagonganisha vikombe, yeye anamkemea kwa upenyo wa mlango mpaka mtu anakimbia. Watoto wa mtaani walijifunza kupita kwetu kwa ncha za vidole vya miguu. Nikiamka nasikia sauti yake kutoka chini, "Kaja?" Nami najibu, "Leo hakuja." Anasema inshallah kesho, anapanda kupika. Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Himid hakuja, na eda ikaisha.

Wanawake walijaa nyumbani tangu asubuhi. Dada yangu Mwanakheir alitoka Jambiani na mtoto wake mgongoni. Wakaniogesha, wakanivua nguo za eda, wakanivika kanga mpya zenye rangi ya kuumiza macho, wakanifukiza udi. Nilikubali yote. Walipoleta hina nikaficha mikono chini ya mapaja.

"Hina sitaki."

"Hutaki hina?" alisema Mwanakheir. "Wewe? Uliyekuwa ukilia utoto wote ukinyimwa hina?"

"Siku hizi siipendi."

"Kazija, mdogo wangu, watu watasema una ahadi na maiti."

Wanawake wakacheka, si kwa ubaya. Nami ningesema nini? Ningewaambia kwamba ndiyo, ahadi ninayo, na mikono mitupu ndiyo inayonionyesha kama niko macho? Wangeniitia mwalimu saa ile ile, ningenyweshwa kombe la aya kabla ya magharibi, na ndoto zote zingefungwa. Hata Bi Hamda hakujua habari ya alama. Nilimsimulia habari za Himid, sikumsimulia habari za mikono. Niliona kwamba siri kama ile ukiitaja inakimbia, nikaishika peke yangu kwa ujinga wangu.

Basi Bi Hamda akaja mwenyewe, bakuli la hina mkononi. Alikuwa ameitwanga tangu alfajiri, vidole vyake vimeshageuka rangi. Akakaa mbele yangu.

"Mimi sikujaaliwa binti," alisema. "Siku uliyokuja nyumba hii, nlikupaka mimi. Nipe mkono nikupake na leo, usije ukasema mama mkwe kakufunga ujane. Mwanangu Himid alikuwa akipenda mikono yako."

Nikatoa mikono. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningepigana. Alinipaka taratibu, ua kwa ua, na kila akimaliza kidole anakipuliza. Kwa wote waliokuwemo chumbani ilikuwa furaha. Mimi nilikuwa natazama mlango wangu unafungwa, na anayeufunga ndiye aliyekuwa akiulinda.

Nikajiambia nitatafuta alama nyingine. Nitatazama kanga, nitatazama kucha za miguu, nitatazama chochote. Lakini mwili uliofundwa kwa wiki nyingi haufundwi upya kwa siku moja.

Siku ya pili baada ya adhuhuri nililala. Bi Hamda akashuka na kipepeo chake kama kawaida.

"Hodi mwenye nyumba! Mgeni wenu!"

Nikainuka, nikaenda juu ya ngazi. Nikaitazama mikono kama nilivyojifunza. Hina ipo. Nikaikumbuka vizuri: Bi Hamda kaipaka jana, chumba kimejaa watu, Mwanakheir anacheka. Basi niko macho. Na kama niko macho, Himid yuko Wete chini ya mchanga, na huyu aliyeko mlangoni ni nani?

Damu ikanichemka. Himid alijulikana bandari nzima, na hodi yake ilijulikana pia, kwani aliipiga njiani mbele ya watu. Nikaona ni kijana fulani asiye na malezi, kasikia kwamba mjane katoka eda, kaja kumcheza shere. Sikuigusa kamba. Nikapiga ukelele ngazini kwa sauti yangu yote.

"Mwenye hodi hiyo keshakufa! Huna haya wewe? Ondoka mlangoni kwangu, usirudi tena!"

Aliyeko chini akasema, kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyekuja kwake akakuta si kwake:

"Hata jembe leo hakuna?"

Nikasikia makubazi yake yanaondoka, yanaburura kidogo mguu wa kushoto kama alivyokuwa akitembea akichoka, mpaka yakapotea njiani.

Ndipo nikaamka. Nilikuwa kitandani, chali, mikono yenye hina juu ya kifua. Sikuwa nimesimama. Sikuwa nimepiga ukelele wowote, hata jogoo wa Sheha alikuwa anawika kama hakuna lililotokea. Nilitoka mbio mpaka juu ya ngazi nikaivuta ile kamba, nikaivuta kwa nguvu zote, komeo likanyanyuka na mlango ukafunguka. Jua likaingia mpaka kwenye ngazi ya chini. Njia ilikuwa tupu. Bi Hamda, aliyekuwa ameketi pale pale, akageuka akanitazama juu.

"Kaja?"

Ningesema hapana. Lakini aliuona uso wangu, na uso wangu ulikuwa umeshamwambia kwamba kaja.

"Kaja, Mama."

Alishika ukuta akainuka. "Umemfungulia?"

"Nimemfungulia."

"Kapanda?"

"Kapanda. Kakaa. Kanywa kahawa."

"Umemwambia?" Kipepeo kilikuwa kimemwanguka na hakukiona. "Radhi zangu, umemwambia?"

"Nimemwambia. Nimemwambia anazo tangu yumo tumboni."

"Kasemaje?"

Nikatafuta Himid angesema nini kama ningemfungulia, na hilo nililijua, maana nililala naye na kuamka naye miaka.

"Kacheka, Mama. Kasema, 'Mwambie Mama sikuona kama kakasirika. Nlidhani kalala.'"

Bi Hamda alicheka na kulia kwa pamoja. "Muongo mkubwa huyo!" alisema. "Aliniona kwa tundu la ufunguo! Alijua nimo macho!" Akapanda ngazi kwa mikono na miguu kama mtoto, akanikumbatia, na mimi nikamshika nikiwa nimemgeuzia uso pembeni ili asiuone. Siku ile alikula sahani nzima ya wali. Nilikuwa sijamwona akila hivyo tangu msiba.

Hina ya viganjani ilifutika mapema, lakini ya kucha haifutiki, inasubiri kucha zikue. Nilizikata kila zilipochomoza, nilizikwaruza kwa kisu, nikajiumiza. Zilipokuwa tupu nikaanza tena kuitazama mikono, na niliota, na niliijua kila ndoto. Nilikaa juu ya ngazi ya ndotoni, mkono kwenye kamba, nikingoja. Niliamrisha mvua ikanyesha, niliamrisha mtaa ukanyamaza. Hakuja. Nilimwambia asirudi tena, naye Himid hakuwahi kunikaidi jambo nililolisema kwa moyo wote. Mpaka leo sijamuomba radhi, na naumia kwa hilo kila nikitia maji ya chai motoni, hata sasa nikiwa bibi kizee.

Bi Hamda alifariki miaka michache baadaye, usingizini, mchana. Alikuwa mnene tena. Kabla ya hapo alimhadithia kila aliyemtembelea kwamba mwanawe kapokea radhi zake, na mimi nilikaa pembeni nikimenya ndizi, naitikia, "Naam, Mama, hivyo hivyo."

Hina sikupaka tena. Kwenye harusi za watoto wa Mwanakheir wananiletea bakuli, nakataa, na wanasema mama yao mdogo ana kiburi, jina ambalo nimelipokea. Na nyumba ile bado nakaa. Kamba nimeshaibadilisha mara nyingi. Mtu akipiga hodi chini, simuulizi tena nani. Nimeibiwa mara mbili kwa ajili hiyo, na mara ya pili walichukua hata redio, majirani wakanigombeza sana. Waache wagombe. Hodi ikipigwa, navuta kamba kwanza.